Chafya Iliyochelewa

"Baba ya hawa watoto ni nani?" nesi aliuliza huku akivuta dawa kwenye sindano.

"Mimi," Drusilla akajibu.

Nesi akainua uso. Aliyekuwa mbele yake ni mama mzee aliyevaa gambuti na koti kubwa la kiume lililotoboka viwiko. Kando yake palikaa mwanamke kijana, tumbo limefika mdomoni, na wasichana wawili wadogo wakimng'ang'ania sketi. Nesi mwenyewe alikuwa mgeni, binti Atuti kutoka Kisii, hata mwezi hajamaliza pale zahanati.

"Mama, nimeuliza baba. Sijauliza nyanya."

"Na mimi nimekujibu baba."

Hapo Janeffer, mkubwa wa wale wasichana, miaka sita na mdomo wa miaka sitini, akaona watu wazima wanapoteza wakati. "Huyu ndiye Baba," akasema akionyesha kwa kidole. "Huyu ndiye Mama. Huyu Chelangat ndiye wa sindano. Mbona unauliza uliza?"

Foleni nzima iliangua kicheko mpaka benchi likalia. Nesi akacheka pia, akachoma sindano, na Chelangat, aliyekuwa na miaka mitatu, akampiga teke la goti. Drusilla alitoka pale amenyoosha mgongo kama chifu.

Kwa mgeni hiyo ilikuwa sinema. Kwa watu wa ule mteremko wa chai, kati ya Kericho na Bomet, ilikuwa kawaida kama mvua ya saa nane. Drusilla alikuwa ameolewa na Kipngeno tangu usichana wake, wakapendana mpaka majirani wakachoka kuwaona, lakini mtoto hakupatikana. Kipngeno akafa. Kabla udongo wa kaburi kushika, ndugu yake Kipngetich alikuwa ashaanza kutembea katikati ya michai ya marehemu, mikono nyuma, kama mtu anayenunua ng'ombe. Ndipo Drusilla akashika mila kwa mikono miwili. Mila inasema mwanamke asiye na mtoto anaweza kutoa ng'ombe akaoa msichana, na watoto wa yule msichana wakawa wa nyumba ile, wakarithi kila jani. Mwenye kuoa anakuwa mume. Mume kamili: hapiki, hachoti maji, na wazee wakikaa anapewa kiti chake.

Basi akamwoa Chepkorir. Na kwa kuwa kuna kazi ambayo mume wa aina ile hawezi, hutafutwa mwanamume wa pembeni, anayepita gizani kama paka na asiye na neno juu ya watoto. Drusilla alimchagua mwenyewe. Alimpata Kipkosgei, utingo wa lori la majani ya chai, kijana mrefu wa ukoo usioleta shida. Alimkagua vile mtu anakagua fahali: meno, miguu, mabega. Moyo hakuukagua, na kosa lilianzia hapo, kwa sababu moyo wa Kipkosgei ulipenda watoto.

Lakini nisikimbie mbele. Kuna jambo la majina.

Mtoto akizaliwa kule, akina kogo, yaani akina nyanya, wanajifungia naye ndani, wanaume wote wakiwa nje. Wanamwekea ugoro kidogo puani na kuanza kuita wafu wa nyumba ile, mmoja mmoja. Jina likitajwa mtoto akapiga chafya, basi huyo mfu ndiye amerudi. Hapo hakuna mjadala. Janeffer alipozaliwa, waliita wanawake wote wema wa ukoo, mtoto akalala fofofo. Wakamtaja mama mkwe wa Drusilla, yule mama aliyekuwa akimwita Drusilla mti mkavu mbele ya wageni. Chafya! Tena mbili.

"Amerudi kuniangalia kama bado nachoma uji," Drusilla alisema siku ile, na wanawake wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Na kweli, Janeffer alianza kukagua nyumba hata kabla hajaacha kunyonya. Chai ikiwa nyepesi anairudisha. Mgeni akikaa vibaya anaambiwa. Siku moja alimwaga kibuyu kizima cha mursik, yale maziwa lala ya mkaa, akimnywesha paka, na alipoulizwa akasema kilikuwa kimewekwa mahali pabaya. Drusilla alimkaripia, akatoka nje, akaegemea ukuta, akacheka peke yake. Nyumba iliyokaa kimya miaka yote sasa ilikuwa na mtu wa kumwaga maziwa!

Lakini kila akimwangalia Chepkorir na lile tumbo la tatu, roho yake ilikuwa na ombi moja tu: mvulana, na ndani ya mvulana, Kipngeno. Hata koti la marehemu alilivaa kila siku ili lisipoe. "Akija," alikuwa akimwambia Kogo Edinah, mwita majina wa mteremko ule, "nitamfunga ndani ya koti lake mwenyewe, alikojolee."

Kogo Edinah alikuwa rafiki yake tangu ujana. "Asipokuja je?"

"Atakuja. Si tutamsaidia kidogo?"

"Tutamsaidia vipi? Mfu hasukumwi kama mkokoteni."

Kesho yake Drusilla alirudi kwake. Alimpelekea mkebe wa ugoro mkali wa kutoka Kipkelion. Kogo Edinah akanusa, macho yakamtoka machozi, akafunga mkebe akauficha chini ya mto. Hilo likawa jibu.

Ule ndio mwaka wa Elinino. Mvua ilinyesha mpaka barabara zikageuka uji, na lori la majani likazama matope hapo chini, mkabala na boma la Drusilla. Dereva akaenda zake mjini kutafuta trekta. Utingo akaachwa alinde mali. Mtu wa gizani akawa mtu wa mchana. Utamkataza vipi kuota moto, na mvua ile?

Kipkosgei aliingia jikoni na wasichana wakamshika kama kupe. Aliwatengenezea gari la mkebe wa mafuta ya Kimbo na magurudumu ya ndala kuukuu. Akawabeba mgongoni kama magunia ya chai, akawapima kwa mzani wa uongo, "Huyu ana unyevu mwingi, rudisha!", nao wakipiga kelele wapimwe tena. Na hadithi zake zote zilikuwa za marehemu baba yake, Kipkemoi, mlevi mmoja mpole aliyeanguka kila mahali: alianguka mtoni, akaanguka kutoka kwa punda, na siku ya harusi yake mwenyewe akaanguka ndani ya sufuria ya ugali. Watoto walilia kwa kucheka. Ikawa ndiyo michezo ya nyumba. Kijiko kikianguka, Kipkemoi ameanguka. Kuku akiteleza matopeni, Kipkemoi ameanguka! Chelangat mwenyewe alikuwa mtu wa kuanguka, basi jina hilo lilitajwa asubuhi mpaka jioni.

Drusilla akikaa kwenye kiti chake cha mume alisikia kicheko kingine katikati ya vile vya watoto. Kilikuwa cha Chepkorir. Miaka yote waliyokaa pamoja hajawahi kukisikia. Hakujua kama mke wake ana kicheko kama hicho, cha kupanda na kushuka.

"Baba Janeffer!" Quinter alimwita siku moja kutoka kwa ua. Huyu Quinter alitoka upande wa ziwa, mumewe alikuwa karani kiwandani, na yeye aliuza samaki wa kukaanga nyumba kwa nyumba. Hakuna sufuria iliyofunikwa mteremko ule bila Quinter kujua ndani mna nini. "Baba Janeffer, naona umeajiri yaya mwenye ndevu!"

"Uza samaki, wewe."

"Nauza. Lakini paka akizoea kuingia mchana, nunua kifuniko."

Trekta likaja, lori likatolewa, Kipkosgei akaenda. Kicheko nacho kikaisha.

Mvulana alizaliwa wiki iliyofuata, alfajiri, mvua ikipiga mabati. Drusilla aliposikia ni mvulana alivua gambuti mlangoni akaingia ndani. Akina kogo wakakusanyika, wakafunga mlango. Kogo Edinah akamwona Drusilla amebaki ndani, amejikunja kando ya kitanda.

"Wewe toka," akamwambia kwa sauti ya chini. "Wewe ni mume. Mume hakai humu."

"Leo nitakaa."

"Drusilla! Ukikaa utaharibu kitu."

"Edinah, mimi ndiye nimemzika. Acha nimpokee."

Wanawake wengine wakatazama pembeni, kila mmoja akijifanya hajaona. Kogo Edinah akashusha pumzi akaanza kuita. Akaita babu wa kwanza. Kimya. Akaita wa pili, yule aliyeuawa na chui. Kimya. Walikuwa wameelewana Kipngeno awe wa tatu. Kabla jina halijatoka, mkono wa Drusilla ukapita chini ya shuka na ugoro wa Kipkelion katikati ya vidole viwili. Ila ule mkono ulikuwa na haraka, ukachukua zaidi ya kipimo, ukaweka zaidi ya kipimo.

"Kipngeno!" Kogo Edinah akaita. "Kipngeno, nyumba yako hii!"

Mtoto akakunja uso. Akafungua mdomo. Akawa mwekundu, kisha akawa rangi ya zambarau, pumzi ikasimama, na chafya ikakwama juu kama lori matopeni.

"Kipngeno!"

Hakuna. Wanawake wameinama, hakuna anayepumua. Mvua nayo ikawa kama imenyamaza kusikiliza.

Huko nje, Janeffer alikuwa amegeuza ndoo chini ya dirisha na kumpandisha mdogo wake wachungulie. Ndoo ikateleza. Chelangat akaenda chini, puu, na Janeffer kwa furaha yake yote akapaza sauti:

"Kipkemoi ameanguka!"

Na mtoto akapiga chafya.

Ilikuwa chafya ya mtu mzima, ya kumtikisa mpaka vidole vya miguu. Kisha ya pili. Kisha akalia vizuri, akatafuta titi.

Hakuna aliyepiga vigelegele. Kila mwanamke mle ndani alimjua Kipkemoi, na alijua alikuwa baba ya nani.

"Huyo mtoto ameita mchezo tu," Drusilla akasema. "Rudia, Edinah. Ita tena."

"Jina limetajwa, mtoto amejibu," mmoja wa akina kogo akasema. "Na limetajwa na nani? Si mama mkwe wako? Si ndiye amekaa ndani ya Janeffer?"

Drusilla akageuka akaona kile kichwa kidogo dirishani, matope mpaka kwenye nyusi, kinamtazama bila kupepesa. Akaapa moyoni kwamba yule mama alikuwa anatabasamu.

Quinter alikuwa chini ya ukingo wa mabati na karai lake la samaki, akingoja vigelegele apate kuuza. Mlango ulipofunguliwa bila kelele akauliza, "Nani amekuja?" Mtu mmoja akamnong'oneza. Hakuuza samaki tena siku hiyo. Alikuwa na mzigo mwepesi wa kubeba.

Mama yake Kipkosgei alifika kwa miguu kutoka ng'ambo ya bonde, na kibuyu cha mursik kimefungwa kwa kitambaa. Mjane mdogo wa mwili, jino moja mbele. Hakuomba ruhusa. Aliingia, akamchukua mtoto, akamwangalia muda mrefu.

"Mume wangu," akamwambia. "Ulienda wapi bila kuaga? Na safari hii uliangukia wapi, mlevi wewe?"

Akacheka na kulia pamoja, machozi yakidondoka kwenye paji la mtoto. Chepkorir akalia naye. Drusilla alisimama mlangoni ndani ya koti la Kipngeno, akasikiliza maneno yake mwenyewe, yale aliyoyatunza miaka na miaka, yakitoka kwa mdomo wa mtu mwingine.

Tangu siku hiyo Kipkosgei alikuja mchana kweupe, akipita mlango wa mbele. Si alikuja kumwona baba yake? Nani atamfukuza mtu kwa baba yake? Na kile kicheko cha kupanda na kushuka kikarudi jikoni.

Drusilla akaita wazee. Walikaa kwake, chai ikamiminwa, na aliyeongoza kikao alikuwa Kipngetich, shemeji yake, ambaye kwa umri hakuna aliyeweza kumruka.

"Nataka jina liitwe upya," Drusilla akasema. "Ile chafya haikuwa ya Kipkemoi. Ilikuwa ya Kipngeno. Ilichelewa tu."

"Chafya huchelewa?" Kipngetich akauliza.

"Ikiwa ugoro ni mwingi, huchelewa. Mimi ndiye nilimtia. Nilimtia mwingi kabla jina la Kipngeno kutajwa."

Wazee wakatazamana. Kipngetich akaweka kikombe chini polepole, na hapo Drusilla akaona kosa lake, lakini maneno yalikuwa yametoka.

"Shemeji," Kipngetich akasema kwa upole, tena upole wa asali. "Ulimtia ukiwa wapi?"

Drusilla akainua kikombe chake kilichokwisha kuwa kitupu.

"Nauliza kwa sababu mume hukaa nje. Hata mimi nilikaa nje watoto wangu wote. Anayeingia kule ni mwanamke. Kama ulikuwa ndani, basi tuseme wewe ni mwanamke tu, mjane wa ndugu yangu. Na kama wewe ni mjane tu, hii ndoa ni nini? Hawa watoto ni wa nani? Ile michai pale nje..." Hakumaliza. Hakuwa na haja.

Drusilla akamtazama Kogo Edinah, aliyekuwa ameitwa kama shahidi. Kogo Edinah alikuwa akikagua vidole vya miguu yake. Angesema nini? Kwamba yeye, mwita majina, alikubali mkebe wa ugoro? Nani angemwita tena?

"Edinah," Kipngetich akasema. "Alikuwa ndani?"

"Mimi nilikuwa naangalia mtoto," Kogo Edinah akasema.

"Drusilla?"

Janeffer na Chelangat walikuwa pale uani wakivuta gari la Kimbo. Aliwasikia wakigombana nani awe dereva. Yule mmoja na yule mwingine walikuwa wake kwa sababu ya neno moja, mume, na hilo neno sasa lilikuwa mkononi mwa Kipngetich.

"Sikuwa ndani," Drusilla akasema.

"Basi hukumtia ugoro?"

"Sikumtia."

"Na jina?"

"Ni Kipkemoi."

Wazee wakanywa chai yao. Wakasema watoto ni wa aliyetoa ng'ombe, hilo halina ubishi, hata huyo mdogo. Na jina ni lile lililojibiwa. Alipoondoka Kipngetich alimshika mkono kwa mikono miwili, akimwita "ndugu yangu".

Chepkorir aliondoka siku mvua ilipokatika. Hakutoroka. Alifua nguo zote za wasichana kwanza, akazianika, akamfunga mtoto mgongoni. Mama yake Kipkosgei alikuwa amemwambia mlango uko wazi na ng'ombe watatafutwa.

"Ng'ombe siwataki," Drusilla akasema pale kwenye lango.

"Najua."

"Wasichana hawaendi."

"Najua, Baba Janeffer." Chepkorir aliangalia chini. "Huyu nitamrudisha akiacha kunyonya."

"Nimekukosea nini? Nimekupiga? Nimekunyima?"

"Hapana. Hujanikosea kitu." Akarekebisha shuka mgongoni. "Lakini kwako nilikuwa nazaa watu waliokufa. Kule wananiuliza mimi kama nimekula."

Akaenda akiteremka katikati ya michai, na kichwa cha mtoto kikicheza cheza juu ya majani mpaka bonde likakimeza.

"Atamrudisha," Drusilla akamwambia Quinter jioni hiyo, Quinter akiwa amekuja na samaki wa bure, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Quinter aliangalia samaki wake. "Kula, Baba Janeffer," akasema. Kwa mara ya kwanza alilitamka jina hilo bila kucheka, na hilo ndilo lililomuuma Drusilla kuliko yote.

Sasa mume akarudi jikoni. Nani mwingine angepika? Chelangat aliuliza Mama kila asubuhi, kisha asubuhi moja moja, kisha akaacha. Michai ilichumwa, wakipanda kwenda kituoni wote watatu, Chelangat ndani ya kikapu juu ya majani, na utingo wa lori alikuwa mgeni, Kipkosgei akiwa amehamia lori la njia nyingine.

Siku moja Drusilla alikuwa akikoroga uji, mgongo umeelekea mlango, akasikia mchezo ukichezwa nyuma yake. Akageuka kidogo. Janeffer alikuwa amemlaza Chelangat chini, amemfunga ndani ya koti la Kipngeno, na kwa vidole viwili anampaka majivu puani. Sauti yake ilikuwa ya Kogo Edinah kabisa, hata kukohoa kwake.

"Babu wa kwanza!"

Chelangat akanyamaza.

"Kipkemoi!"

"Hapshiii!" Wakacheka wote wawili mpaka wakaviringika, koti na majivu na yote.

"Rudi, rudi, bado. Kaa vizuri. Kipngeno!"

"Hapshiii!" Chelangat akasema, kwa nguvu zaidi, akitaka kufurahisha.

Mwiko ukasimama ndani ya sufuria.

"Hapana!" Janeffer akamfokea. "Unaharibu! Hapo unanyamaza. Huyo anaitwa, anaitwa, halafu haji." Akamfunika tena kwa koti, akampangusa pua kwa ukali. Kisha akainua kichwa, akanusa hewa, na akaita kwa ile sauti ya zamani, sauti aliyoijua Drusilla kabla huyu mtoto hajazaliwa:

"Baba, unachoma uji."